Mkono wa Kulia

Siku ya kwanza ya mafunzo Lameki Rutashobya hakumruhusu mtu kuwasha pikipiki. Alizisimamisha zote sita kwenye stendi zake pale rweya ya Kahororo, uwanda wa majani ambako watu walilishia ng'ombe, akawapandisha vijana mmoja mmoja. Kisha akatoa mfukoni kamba za mgomba, zile nyuzi kavu ambazo mama zao walifungia mizigo ya kuni, akawafunga kila mmoja mkono wa kulia kwenye usukani.

"Mwalimu, kwani sisi mbuzi?" aliuliza Gamaliel, kijana mrefu kutoka Maruku, mwenye mdomo.

"Mbuzi ana akili. Ukimfunga, anajua amefungwa. Wewe nimekufunga na bado unaniuliza."

Wenzake wakacheka. Rutashobya hakucheka. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mguu wa kushoto umekakamaa kidogo kwenye goti, na vijana walikuwa wamekwisha kujua kwamba akisema jambo la kuchekesha hasemi ili wacheke.

"Sikilizeni. Mkono huu wa kulia ndio wa mafuta. Na hapo hapo ndipo ilipo breki ya mbele. Mkono wa kushoto una klachi, unaweza kuuazima kidogo. Wa kulia hauazimwi. Ukiuachia, pikipiki haina mwenyewe, na wewe uko juu yake. Kamba hii ni dhaifu, ukianguka itakatika. Sikuifunga ikushike. Nimeifunga ikukumbushe."

"Na pua ikiniwasha?" aliuliza mwingine.

"Iwashe mpaka Muleba."

"Na nyuki akiingia shatini?"

"Akuume. Utavimba siku mbili. Ukiachia, utazikwa siku hiyo hiyo."

Ndipo Buberwa akauliza, kwa upole, kama alivyouliza kila kitu: "Na nikikutana na mwami?"

Kicheko kikakatika. Hilo halikuwa swali la mchezo. Katika nchi ile mtu akikutana njiani na mwami, chifu anayetawala vijiji vya gombolola nzima, kama yuko juu ya baiskeli anateremka, anailaza majanini, anavua kofia kwa mkono wa kulia na kuinama mpaka mkubwa apite. Mkono wa kushoto haumsalimu mtu. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo kabla hajajua kuhesabu.

Rutashobya alikuwa amelifikiria swali hilo tangu alipopewa kazi. "Ukimwona kwa mbali na pana nafasi," alisema, "punguza, simama kabisa, zima, teremka, vua kofia, na ukitaka piga magoti. Ukimwona karibu, au uko kwenye mteremko, shika usukani, tazama mbele, pita. Ni kusimama au kupita. Hakuna cha katikati."

Buberwa akaitikia kwa kichwa. Jioni, kamba zilipofunguliwa, wenzake walizitupa. Yeye aliikunja yake akaitia mfukoni.

"Ya nini hiyo?" Rutashobya alimwuliza.

"Nitaitundika mlangoni kwa mama, mjomba. Aone kwamba nimefundishwa."

Maana Ildefons Buberwa alikuwa mtoto wa dada yake mkubwa, Anatolia. Dada huyo alikuwa ameolewa na mkulima Mkatoliki upande wa Muleba, akafuata dini ya mumewe, na mume akafa mapema akamwachia mtoto mmoja. Anatolia mwenyewe ndiye aliyemleta kijana Kahororo. Alitembea naye, akalala njiani kwa jamaa, akafika akasema, "Lameki, nimekuletea. Mfundishe kazi, na unirudishie."

* * *

Pikipiki zililetwa na mpango mmoja ulioitwa Kahawa Safi. Bei ya kahawa ilikuwa imepanda miaka ile baada ya vita, na Wazungu walitaka wakaguzi wazunguke kwenye vibanja, mashamba ya migomba na kahawa, kuangalia nani anachuma mbichi na nani anaanika juu ya udongo. Kwa miguu mkaguzi alimaliza vijiji viwili kwa wiki. Kwa pikipiki angemaliza kumi. Aliyesimamia mpango huo alikuwa Mzungu ambaye watu walimwita Bwana Shamba, kama walivyowaita wote wa aina yake, naye alimchukua Rutashobya kwa sababu Rutashobya alikuwa amepeleka barua za jeshi kwa pikipiki kule Burma, miaka miwili, katika tope linalofika magotini, na alikuwa amerudi.

Hakuwa na elimu. Aliacha shule darasa la tatu. Lakini pikipiki aliijua kama mwanamke anavyojua jiko lake. Alijua changarawe kavu inamtupaje mtu, na changarawe iliyonyeshewa inamtupaje. Alijua kwamba mpandaji hafi kwenye kona mbaya, kwa kuwa kona mbaya anaiogopa. Hufa kwenye ile aliyoizoea.

Kitu kimoja alikipinga tangu mwanzo, nacho ni kofia. Mpango uliwapa wakaguzi sare: shati la kaki, kaptura, na kofia ya pama yenye ukingo mpana. Rutashobya aliomba kofia za ngozi zenye kamba ya kidevuni, kama za jeshini. Karani wa Bwana Shamba, Mutalemwa, kijana aliyevaa tai hata siku za joto, akamjibu kwamba kofia za ngozi hazimo kwenye orodha.

"Pama itapeperuka," alisema Rutashobya.

"Basi waishike."

"Kwa mkono upi?"

Mutalemwa alitabasamu akaendelea kuandika.

* * *

Wiki ya sita Gamaliel aliteremka mlima mmoja kabla ya Muleba, na gari la kijivu la mwami Mushumbusi likawa linapanda. Mwami alikuwa ndani, amekaa nyuma. Gamaliel alifanya kama alivyofundishwa. Alishika usukani, akatazama mbele, akapita. Pama ikabaki kichwani.

Siku ya nne baada ya hapo Rutashobya aliitwa barazani kwa mwami.

Hapa lazima lielezwe jambo la kibanja chake, kwa sababu bila hilo mtu atamwona Rutashobya mwoga tu. Kibanja chake, nusu saa kwa miguu kutoka Muleba, kilikuwa cha nyarubanja. Maana yake walikilima wao, na mwenyewe alikuwa mwingine. Babu yake alipanda ile migomba. Baba yake alipanda mibuni chini ya migomba, akazikwa nyuma ya nyumba, kando ya babu. Mkewe Kokubanza alizaa watoto wanne mle ndani, na wawili walikuwa wamelala karibu na babu yao. Lakini ardhi ilikuwa ya mwami Mushumbusi, kama ilivyokuwa ya baba yake Mushumbusi kabla yake, na kila msimu alipelekewa fungu lake. Serikali ilisema mtu wa nyarubanja asitolewe bila sababu. Sababu zilitafutwa, na zilipatikana.

Mwami alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ndogo. Alikuwa akitafuna buni kavu za kahawa. Rutashobya alichuchumaa mbele yake, kofia mkononi, wazee wa baraza wamekaa pande mbili.

"Lameki, mwana wa Rutashobya," alisema mwami. "Nasikia wewe ni mwalimu sasa."

"Ndiyo, waitu," alijibu Rutashobya, kwa neno la kumheshimu mkubwa.

"Nami nina watoto, napenda walimu. Niambie, unafundisha nini?"

"Pikipiki, waitu."

"Pikipiki tu? Juzijuzi kijana wako amenipita kama anapita kisiki. Nikadhani labda ni kipofu. Lakini kipofu hapandi pikipiki, au siku hizi anapanda?"

Wazee wakacheka. Rutashobya akangoja wamalize.

"Waitu, si dharau. Alikuwa kwenye mteremko. Mkono wa kulia ndio wa mafuta na breki. Akiuondoa kwenye changarawe, gurudumu la mbele linageuka lenyewe, anaanguka. Anaweza kufa. Hata jeshini, waitu, mtu aliye juu ya pikipiki hapigi saluti. Hata jenerali akipita."

"Jenerali huyo alikuwa anakujua jina?"

"Hapana, waitu."

"Mimi ninakujua. Na baba yako nilimjua. Alikuwa akiniona toka kilima cha pili, anaweka jembe chini." Mwami akatema ganda la kahawa kiganjani akalitazama. "Sikuombi wasimame. Kazi ni kazi, Bwana Shamba amenieleza. Naomba kofia tu. Kuinua kofia ni kitu cha muda gani? Kupepesa jicho. Au unataka kuniambia kwamba watu waliovuka bahari wakapigana na Mjapani hawawezi kuinua kofia?"

Wazee wakacheka tena, kwa muda mrefu zaidi.

"Fikiri," alisema mwami kwa upole. "Nenda kafikiri nyumbani kwako. Bado ni nyumbani kwako, sivyo?"

Rutashobya hakwenda nyumbani. Alipanda pikipiki mpaka Bukoba, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Shamba, akamweleza yote. Mzungu alisikiliza akikuna ndevu, kisha akasema maneno mengi kwa Kiingereza, na Mutalemwa akayafupisha.

"Bwana anasema desturi zenu ni zenu. Mwami akifunga gombolola yake, mpango wote umekwama. Anasema malizaneni."

"Mwambie mtu atakufa."

Mutalemwa alisema kitu. Bwana Shamba akajibu.

"Anasema wewe ni mwalimu hodari. Wafundishe namna isiyo na hatari."

Jumamosi ile, Kokubanza akiwa anamenya ndizi, alimsikiliza mumewe mpaka mwisho bila kuinua uso. "Ta Rugemalira," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza kama alivyozoea, "hao walio nyuma ya nyumba utawabeba kwenye pikipiki?"

Jumatatu asubuhi kabla ya saa mbili alikuwa mbele ya baraza, amechuchumaa mahali pale pale. Akasema, "Watainua kofia, waitu."

"Sasa huyu ni mtoto wa baba yake," alisema mwami.

* * *

Kwa hiyo aliwafundisha. Kama jambo baya ni lazima lifanyike, alijiambia, afadhali lifanywe na anayelijua. Alizipiga marufuku kamba. Akawapanga rweya ya Kahororo, mahali pa tambarare, akawaonyesha: funga mafuta kwanza, tuliza gia, kaza magoti kwenye tangi, nyoosha mgongo, inua kofia, rudisha mkono. Yeye mwenyewe aliifanya mara kumi mbele yao.

"Haraka," alisema. "Kama unavyotoa ndizi ya moto chunguni. Ukikawia, unaungua."

Gamaliel alijaribu mara mbili, akaanguka mara mbili, akasusa. "Mwalimu, wewe mwenyewe ulisema hakuna cha katikati."

"Nilisema."

"Na hiki ni nini?"

"Hiki ni cha katikati. Panda."

Gamaliel hakupanda. Alirudisha sare kwa Mutalemwa siku ile ile, akaenda zake Maruku, na watu walimwona mpumbavu, kuacha kazi ya serikali kwa ajili ya kofia. Wanne waliifanya kwa hofu. Buberwa aliifanya vizuri. Aliifanya kama kwamba amezaliwa nayo: mgongo umenyooka, pama inapanda, inashuka, pikipiki haiyumbi hata kidogo. Wenzake walimpigia makofi. Alifurahi, na Rutashobya alipoiona furaha ile usoni mwa mtoto wa dada yake, ilimuuma kuliko kuanguka kwa Gamaliel.

"Buberwa," alimwambia pembeni, "hii ni ya tambarare. Umesikia? Kwenye mteremko usiifanye."

"Na kama mwami yuko kwenye mteremko, mjomba?"

Rutashobya alitazama mji wa Bukoba chini, na ziwa nyuma ya mji. Alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Lakini jibu hilo lilikuwa na kibanja ndani yake, na makaburi manne, na mwanamke anayemenya ndizi.

"Angalia mwenyewe," alisema.

Ndivyo alivyosema. Baadaye alijaribu kukumbuka kama aliongeza neno jingine. Hakuongeza.

* * *

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa mchana, mlima ule ule. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na jua limekausha juu tu, chini bado kulikuwa na utelezi. Jovita, mwanamke aliyekuwa akikata majani ya kutandika nyumbani, alikuwa kwenye tuta la barabara, na yeye ndiye aliyeona.

Alisema kijana alikuwa akiteremka polepole, vizuri. Alisema gari la kijivu lilitokea kwenye kona, linapanda. Kijana akanyoosha mgongo. Akainua kofia. Alisema ilikuwa heshima nzuri, hata yeye aliipenda, akataka kumjua ni mtoto wa nani. Halafu gurudumu la mbele likageuka kama kichwa cha ng'ombe anayekataa kamba, pikipiki ikaruka tuta la chini, na kijana akaenda nayo. Kulikuwa na mawe.

"Kofia ilibaki barabarani," alisema Jovita. "Ilisimama tu, haikuchafuka."

"Na mwami alifanya nini?" aliulizwa.

"Mwami gani? Mwami hakuwemo. Alikuwemo dereva na mikungu ya ndizi. Dereva alikuwa anapeleka ndizi kwa dada yake mwami."

Rutashobya alifika saa kumi na moja. Walikuwa wamemlaza Buberwa juu ya majani ya Jovita, na uso wake haukuwa na kidonda. Kidonda kilikuwa nyuma ya kichwa, mahali ambapo kofia ya ngozi ingefunika. Rutashobya aliuchukua mkono wa kulia wa mtoto akaushika, akaukunja vidole kama unavyoshika usukani. Vidole vilikaa vilivyokunjwa. Watu waliokuwa pale hawakuelewa alikuwa akifanya nini, wakamwacha.

* * *

Mwami alikuja mazikoni. Kanzu yake ilikuwa nyeupe sana, na watu wote walivua kofia na kuinama, hata waliokuwa wamebeba majembe ya kaburi. Padre alipomaliza, mwami akaomba kusema.

Alisema kijana huyu alikuwa na adabu kuliko vijana wote wa siku hizi. Alisema amekufa akimheshimu mkubwa wake, na kifo cha namna hiyo si cha kila mtu. Sauti yake ilitetemeka, na kwa kweli hakuwa anaigiza, alikuwa mtu wa machozi ya karibu. Kisha akasema, "Kuanzia leo, mtu aliye juu ya pikipiki asinisalimu njiani. Nimemsamehe. Kama mngeniambia mapema kwamba ni hatari, ningekataza siku ile ile. Kwa nini hamkuniambia?"

Wazee wa baraza walikuwepo, wale wale waliocheka. Walitazama ardhi. Rutashobya alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, kofia mkononi. Maneno yalimjaa kinywani mpaka meno yakamuuma. Ingemtosha kusema matatu tu: *nilikuambia, waitu, hukusikia.* Aliyahesabu. Yalibaki hapo hapo yalipokuwa, na Anatolia, ambaye alikuwa amekaa chini na wanawake, aliinua uso akamwona ndugu yake amefumba kinywa.

Wiki iliyofuata Bwana Shamba na Mutalemwa walikuja barazani kuandika taarifa. Mwami alikaa kwenye kiti chake. Jovita alieleza alichoona. Dereva akaeleza alichoona. Kisha Mutalemwa, kalamu mkononi, akamgeukia Rutashobya.

"Swali ni moja tu. Je, marehemu alifundishwa kuachia usukani akiwa kwenye mteremko?"

Rutashobya alifikiri kwamba hata sasa inawezekana. Kijana amekwisha kufa, mwami amekwisha kulegeza, ukweli utagharimu nini? Akamtazama mwami. Mwami alikuwa akimtazama kwa upole kabisa, anatafuna kahawa, kama mtu anayengoja kusikia jina la mgeni. Rutashobya akajua ungegharimu nini.

"Hapana," alisema. "Kwenye mteremko nilimkataza."

"Kwa hiyo alikiuka mafunzo."

Hilo halikuwa swali, lakini Mutalemwa aliinua kalamu akangoja.

"Ndiyo."

Kalamu ikaandika. Ikaandikwa kwamba mkaguzi Ildefons Buberwa alikufa kwa kutofuata maagizo ya mwalimu wake. Mwalimu akatia sahihi, herufi kubwa, kama alivyofundishwa darasa la tatu. Ilikuwa kweli, kila neno lake, na alipokuwa akiandika jina lake alitamani ingekuwa uongo.

* * *

Anatolia alikuja siku ya kumi na mbili. Kokubanza alimwona kwa mbali kati ya migomba, akatandika majani mapya sebuleni na kuandaa kahawa ya kutafuna kwenye kijaluba, maana mgeni haingii pasipo kahawa. Lakini Anatolia hakuingia. Alisimama kizingitini. Kokubanza alipomletea kahawa, hakunyoosha mkono.

"Wifi, hata moja?" alisema Kokubanza.

"Sikuja kula."

Kokubanza akakielewa alichokiona, akaweka kijaluba chini, akaenda jikoni. Kukataa kahawa ya nyumba ya ndugu yako wa tumbo moja ni jambo ambalo watu hulifanya mara moja tu.

Rutashobya alikuwa amesimama ndani, nusu ya uso gizani. "Dada, pita ukae."

"Lameki, nina swali. Mwanangu alikuwa anafanya mazoezi uani kwangu kila Jumapili. Anakaa juu ya gogo, anaweka ungo kichwani kwa sababu hakutaka kuchafua kofia, anauinua, anaurudisha. Nikamwuliza, una wazimu? Akasema, mjomba anataka iwe haraka, kama kutoa ndizi ya moto chunguni. Maneno hayo ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Nilijua ni yako. Mama yetu alikuwa akisema hivyo tukidokoa. Na wameandika nini barazani?"

Rutashobya alishika mwimo wa mlango.

"Mimi sijui kusoma, lakini Mutalemwa alinisomea. Kwamba mwanangu alikuwa mkaidi. Buberwa. Ambaye hakuwahi kunijibu vibaya tangu atoke tumboni. Nani aliwaambia hivyo?"

"Dada, kibanja..."

"Nimekijua kibanja kabla yako. Mimi ni mkubwa kwako, nilikubeba mgongoni kwenye kibanja hiki. Sikuulizi kibanja. Nauliza nani aliwaambia."

"Mimi."

Anatolia akaitikia kwa kichwa, kama mwanawe alivyozoea kuitikia akifundishwa. Akafungua pindo la kanga, akatoa kamba ya mgomba, imekunjwa vizuri, ile iliyokuwa imetundikwa mlangoni kwake tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Akaiweka kizingitini, hakumpa mkononi.

"Hii ni ya mwalimu aliyemfunga mwanangu mkono," alisema. "Yule nilimpelekea mtoto. Wewe sikukupelekea."

Akaondoka kwa njia aliyojia. Alipopita nyuma ya nyumba, alisimama kidogo kwenye makaburi ya baba na babu yao, kisha akaenda. Hakurudi tena kwenye kibanja kile.

* * *

Mwezi uliofuata barua ilitoka kwa Bwana Shamba. Ilisema kwamba, kutokana na ajali, kanuni ya mkono wa kulia itafuatwa kikamilifu, na kwamba mwalimu atapewa mikanda ya ngozi badala ya kamba za mgomba. Kofia za ngozi pia zilikuwa zimetiwa kwenye orodha. Mutalemwa alimsomea kwa furaha. "Unaona? Umeshinda yote uliyoomba."

Vijana wapya walikuwa watano. Rutashobya aliwapandisha kwenye pikipiki pale Kahororo, akawafunga mikono ya kulia kwa mikanda, mmoja mmoja. Hakufanya mzaha. Aliyeuliza habari za pua alijibiwa, aliyeuliza habari za nyuki alijibiwa. Hakuna aliyeuliza habari za mwami, kwa kuwa habari hiyo walikuwa wameisikia.

Alikuwa katikati ya maneno gari la kijivu lilipotokea barabara ya chini likielekea mjini. Lilikwenda polepole. Mwami mwenyewe alikuwa ndani safari hii, amekaa nyuma, mkono dirishani.

Rutashobya alikuwa kwa miguu. Pikipiki hakuwa nayo. Mkono wake wa kulia ulipanda kabla hajauambia kitu, ukashika ukingo wa pama, ukaivua, na mgongo ukafuata ukainama.

"Mwalimu," alisema kijana mmoja kwa wasiwasi, akivuta mkanda, "na sisi je?"

"Ninyi mmefungwa," alisema Rutashobya akiwa bado ameinama. "Tazameni mbele."